Mrejesho: lile neno la kurudia wakati wa tahajudi

Wakuu, salamu kutoka Pasua, Moshi. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje kwenye tahajudi (kukaa kimya kutuliza akili), maana nikikaa dakika tano tu kichwa kinageuka soko la Mbuyuni: kodi, ada ya mtoto, mteja asiyelipa. Asanteni wote mlionijibu.

Nilianza na ushauri wa kaka aliyesema nitumie "so ham" ya Wahindi, "so" ukivuta pumzi, "ham" ukiitoa. Maana yake kwa Kisanskriti, "mimi ndiye huyo", niliipenda, ila nilibaki nikiwaza kama natamka sawa. Siku ya nne nikaacha. Shanga 108 za kuhesabia marudio ya neno nazo sikuzipata, nikahesabu kwa punje za maharage hadi mama mkwe akaniuliza kama nimeanza uganga!

Kilichonifaa ni ushauri wa dada mmoja aliyenijibu: chagua neno lako mwenyewe. Nikachukua "tulia". "Tu" navuta, "lia" naachia taratibu (msicheke, najua lia ni nini). Saa kumi na moja alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza, dakika kumi. Mawazo bado yanakuja, siwadanganyi. Ila nikishtuka nimeshafika kwenye ada, narudi kwenye neno bila kujigombeza. Hilo la kutojigombeza ndilo lililobadilisha mambo.

Usingizi wa usiku bado mgogoro, nikijaribu kitandani neno linanifanya nikeshe. Na asubuhi mbili nilisinzia nimekaa, kwa hiyo sasa natumia kigoda na siegemei ukuta.