Baraza la uongozi liishie wapi, na msajili aanzie wapi?

Swali
Ndugu zangu, nimechaguliwa na wanataaluma wenzangu kuingia katika baraza la chama kinachosajili na kusimamia taaluma yetu. Je, ni sahihi baraza kujadili kila ombi la usajili na kila malalamiko?

Jibu la kwanza
Hongera, ndugu. Kazi ya baraza ni kuweka sera, kuidhinisha bajeti na viwango vya mafunzo na maadili, kisha kumsimamia msajili, ambaye ndiye mtendaji wa shughuli za kila siku. Maombi ya kawaida ya usajili yashughulikiwe na ofisi yake, na yenye utata yapelekwe kwenye kamati.

Jibu la pili
Kwenye malalamiko ndipo penye hatari kubwa, kwa sababu wajumbe waliokwisha kusikia tuhuma katika kikao cha baraza hawawezi tena kuketi kama waamuzi wasio na upande, na mtuhumiwa akikata rufaa, uamuzi wote unaweza kutenguliwa. Anayechunguza asihukumu. Uingereza, mwaka 2012, usikilizaji wa mashauri ya madaktari ulikabidhiwa jopo linalojitegemea kiutendaji, lililotenganishwa na uchunguzi.

Jibu la tatu
Naongeza jambo moja: kura za wenzako hazikufanyi kuwa wakili wao. Baraza hulinda umma kwanza, ndiyo maana mengi huwa na wajumbe wasio wanataaluma, na ninaamini sauti yao isikilizwe kwa uzito uleule.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Nitapendekeza mamlaka ya kamati yaandikwe rasmi.