Mashine ya gemu imekosa wachezaji bandani: niiuze au niiache?

Muulizaji (Nkuhungu, Dodoma): Ndugu wanajukwaa, nina banda la gemu lenye PlayStation mbili, ambazo vijana huzipangia foleni tangu jioni hadi ninapofunga. Mwezi uliopita nilinunua Wii U iliyotumika, mashine ya gemu ya kampuni ya Nintendo, kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Hadi leo iko kona ya banda ikila vumbi, na vumbi la huku halina simile. Mteja hulishika lile padi kubwa lenye kioo, huligeuza mara mbili, huuliza kama kuna FIFA mpya, ile gemu ya mpira wa miguu, kisha hurudi kwenye benchi kusubiri zamu yake ya PlayStation. Nimeshusha mechi kutoka shilingi 500 hadi 300, wapi! Nimekosea wapi?

Zabibu Chungu: Mkuu, mashine hiyo ilikosa wateja hata huko ilikoanzia. Ilitoka mwaka 2012 kuirithi Wii, iliyouzwa zaidi ya milioni 100, lakini yenyewe haikufika milioni 14. Jina liliiponza, kwani wengi walidhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyokuwa nayo nyumbani, na matangazo yakazidi kuwachanganya kwa kuonyesha padi kuliko mashine. Wanunuzi walipokuwa wachache, kampuni za gemu zilijitoa, na gemu zilipoadimika wanunuzi wakazidi kupungua. FIFA ya mwisho humo ni FIFA 13. Wateja wako wanaulizia kitu ambacho hakikutengenezwa.

Fundi wa Majengo: Yaliikuta pia Dreamcast, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega. Ilitangulia PlayStation 2 sokoni na ilikuwa na modemu ya intaneti ndani yake, lakini EA, wenye FIFA, hawakuitengenezea gemu, na watu wengi wakaamua kuisubiri PlayStation 2, ambayo ilicheza na DVD. Mwaka 2001 Sega wakaacha kuitengeneza. Kijana anayetaka kumfunga mwenzake mbele ya benchi zima hatavutwa na shilingi 200 za punguzo. Uza.

Zabibu Chungu: Mimi nisingeuza haraka hivyo. Tafuta Mario Kart 8, gemu ya mbio za magari ambayo huchezwa na watu wanne kwa pamoja, uitenge kwa ajili ya watoto siku za Jumamosi. Hao hawaulizi FIFA. Rimoti za Wii zinafanya kazi humo.

Muulizaji: Kumbe! Muuzaji alinipa mbili, nami nimeziacha kwenye boksi nikidhani ni za televisheni.