Riale ya Barghash, Maria Theresa au rupia: ipi inalipwa kwa rangi yake?

KijanaWaMkunazini
Asalaam aleikum. Bibi yetu mzaa baba, Mungu amrehemu, ameacha kasha la mbao, na chini ya kanga zake tumekuta mfuko wa kitambaa wenye sarafu za fedha. Mna riale moja ya Sayyid Barghash ya 1299 Hijria, Maria Theresa kadhaa (zile riale kubwa za Austria), rupia za Hindi za Victoria na Edward VII, na shilingi za simba za George V. Hakuna hata moja iliyobaki nyeupe. Riale ina dhahabu pembezoni, ndani buluu inayoelekea zambarau. Maria Theresa mbili zimekuwa nyeusi tii. Rupia moja ya Victoria ina upinde wa mvua upande wa kichwa tu, nyuma ni ya kijivu.

Shangazi ameshalowanisha ukwaju. Kwake fedha isiyong'aa ni aibu ya nyumba. Nimemwomba asubiri kwanza niulize.

Naona njia tatu: tuzisafishe tuuze kwa sonara, tuziuze zilivyo kwenye maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, au tuzipeleke nje zikapangiwe daraja, yaani zipimwe ukweli na hali yake, na kuingia mnadani. Nasikia kuna watu wanaongeza pesa kwa sababu ya rangi tu. Kweli au porojo?

SonaraMstaafu
Wa aleikum salaam mwanangu. Mwambie shangazi huo ukwaju autie kwenye mchuzi.

Miye nimefanya kazi hii tangu kijana. Sonara hanunui rangi wala mwaka, ananunua uzito. Maria Theresa ni gramu 28.07, na kwa kila sehemu 1000 fedha ni 833, kwa hiyo fedha halisi ni gramu 23.4 hivi. Rupia ni gramu 11.66, safi zaidi, 917 kwa 1000. Shilingi ya simba ya George V ni robo tu fedha, iliyobaki si fedha, ndiyo maana ikichakaa inageuka hudhurungi. Maria Theresa ndizo tulizoyeyusha kufanya vikuku na mikufu ya maharusi, nyingi zimeishia huko.

Ukwaju na ndimu ni asidi. Kikuku ukikisugua kwa majivu na ndimu hakidhuriki, kesho kinavaliwa tena. Sarafu ukiisugua unaondoa ngozi yake ya juu, na ile nuru iliyotoka nayo kiwandani hairudi. Ukishasafisha, njia yako ya kwanza ndiyo itakuwa njia pekee iliyobaki.

Mswahili_Muscat
Si porojo, lakini nusu ya habari ndiyo inayosemwa.

Wanaolipia rangi kwa wazimu wengi wao ni Wamarekani, na wanailipia zaidi dola ya Morgan, sarafu yao kubwa ya fedha iliyopigwa 1878 hadi 1904 na tena 1921. Mamilioni ya dola hizo zilikaa miongo kadhaa katika mifuko ya turubai kwenye hazina ya serikali yao, mpaka zilipotoka kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Zilizogusana na kitambaa ziliingia rangi, za katikati zikabaki nyeupe. Kwa hiyo soko lao limejaa dola nyeupe, mpya kabisa, ambazo hakuna anayezigombania. Ile ya 1881 iliyopigwa San Francisco ikiwa nyeupe ni ya kila duka. Ikiwa na upinde wa mvua uliokolea huuzwa mara tano, mara kumi, na zaidi wakipatikana watu wawili wakaidi kwenye mnada mmoja. Kampuni ya NGC, inayopanga sarafu daraja, huweka hata alama ya nyota karibu na daraja pale sarafu inapopendeza macho kuliko wenzake wa daraja hilo.

Mfano wanaopenda kuutaja ni mkusanyaji Eric P. Newman wa St. Louis, aliyeweka sarafu zake kwenye bahasha za karatasi kwa miaka mingi. Nyumba ya mnada ya Heritage walipoanza kuzipiga mnada 2013, robo dola ya 1796 ilifika dola 1,527,500. Ilikuwa na rangi nzuri sana, lakini usije ukadhani rangi ndiyo iliyoleta milioni. Ilikuwa sarafu ya mwaka wa kwanza wa robo dola, adimu, na bado mpya. Rangi ilikuwa shahidi kwamba hakuna aliyewahi kuisugua.

Sasa njoo kwetu. Riale ya Barghash haina wanunuzi maelfu. Ina Waomani, ina watu wa sarafu za Kiislamu, na wachache wa Ulaya na Marekani wanaotaka kila nchi iwe na sarafu yake kwenye mkusanyo. Hao kwanza wanauliza: ni ya kweli? Imechakaa kiasi gani? Iliwahi kutobolewa au kutiwa kikonyo, kile kitanzi cha kuning'inizia, ivaliwe shingoni? Imesuguliwa? Rangi inakuja baada ya hayo yote. Buluu yako inaweza kuongeza, lakini faida yake kubwa ni kwamba inamtoa mnunuzi wasiwasi wa lile swali la mwisho.

BintiWete
Kaka wa Muscat, hapo nakupinga kidogo. Hapa nyumbani mwenye duka akiona sarafu nyeusi anakupunguzia, na akiona imeng'arishwa anakuongezea kwa sababu mtalii anapenda kinachong'aa. Nimeshuhudia Maria Theresa iliyosuguliwa ikauzwa kabla ya yenye weusi wake, kwenye meza moja. Hiyo hamu ya rangi mnayoisema iko mtandaoni na kwenye minada ya wazungu, haiko kwenye maduka ya mtaa wa Gizenga.

Mswahili_Muscat
Dada BintiWete umesema kweli, na ndiyo maana njia ya pili naiona mbaya kuliko zote kwa ile riale. Duka litakulipa kama ukumbusho wa safari, kisha mwenye macho atainunua pale na kuipeleka mnadani. Kwa shilingi za simba na rupia zilizochakaa, hata miye ningeuza hapo hapo nikanywe kahawa.

MwalimuWaVuga
Nafundisha kemia, niongeze neno, maana nusu ya mabishano ya rangi ni mabishano ya salfa.

Fedha haipati kutu kama chuma. Inakutana na salfa iliyomo hewani, kwenye karatasi, kwenye sufu, kwenye mbao, na juu yake inajengeka ngozi nyembamba mno. Rangi unayoiona haimo kwenye ngozi hiyo. Ni mwanga unaorudi kutoka juu yake na kutoka chini yake ukikutana njiani, kama mafuta ya taa yanavyotoa rangi juu ya maji ya bandarini. Kwa hiyo rangi hufuata unene, na unene una utaratibu wake: kwanza manjano ya dhahabu, kisha nyekundu inayoelekea zambarau, kisha buluu, halafu mzunguko wa pili wa manjano, waridi na kijani, na mwisho weusi. Riale ya kijana, dhahabu pembezoni na buluu ndani, inafuata utaratibu huo. Maria Theresa nyeusi ni rangi hiyo hiyo iliyopitiliza.

Ukiona sarafu buluu imekaa jirani na nyeupe bila dhahabu wala nyekundu katikati, shtuka. Ukiona rangi kali imekaa sawasawa juu ya pua na paji la uso lililochakaa, shtuka tena. Rangi ya miaka mingi hubadilika taratibu, na mara nyingi kandokando ya herufi huacha kivuli chembamba chenye rangi tofauti na uwanja, yaani sehemu tupu ya sarafu. Halafu igeuze chini ya taa moja. Nuru ya asili huzunguka chini ya rangi. Iliyosafishwa ikarudia rangi huonyesha mikwaruzo midogo sambamba chini yake.

Wadanganyifu wana mbinu nyepesi mno: yai la kuchemsha lililomenywa, mfuko wa plastiki, sarafu ndani, na baada ya saa chache una upinde wa mvua. NGC na wenzao PCGS wakishuku hawatoi nambari ya daraja hata kidogo. Wanasema tu kwamba sarafu ni ya kweli ila rangi ina mashaka, na bei mnadani inaporomoka.

Na wale wanaouza kwa kusema "hii imepata rangi ya ghala la karafuu", jamani. Karafuu inanukia vizuri, basi.

YakheMalindi
Yakhe, mmempamba kijana mpaka amesahau hesabu. Kupanga daraja kuna ada kwa kila sarafu, kuna kusafirisha kwa bima, kuna forodha kwenda na kurudi. NGC makao yao ni Sarasota, Florida, ingawa wana ofisi London na Munich. Kisha nyumba ya mnada: mnunuzi huongezewa asilimia ishirini na kitu juu ya bei ya nyundo, yaani bei iliyogongewa mnadani, na ile nyongeza anaitoa kichwani kabla ya kunyoosha mkono, kwa hiyo kiukweli muuzaji ndiye anayeilipa. Muuzaji naye anakatwa chake. Maria Theresa iliyochakaa ukiipeleka huko utarudi na deni.

Tena Maria Theresa zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa juzi. Zimepigwa Vienna, Roma, London, Birmingham, Bombay, na Vienna wangali wanazipiga hadi leo. Rangi nzuri juu ya toleo jipya inabaki toleo jipya.

BintiWete
Hapo nakuunga mkono. Jambo jingine, maana vijana wa huku kwetu wakisoma bei za minada wanaanza kutafuta majembe: Mtambwe Mkuu, hapa Pemba, palichimbuliwa 1984 zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha za karne ya 11, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kilichotoka ardhini ni cha Idara ya Mambo ya Kale, si cha mnada. Kasha la bibi ni habari nyingine, lakini andikeni mahali kwamba zilitoka kwenye kasha, na nani alikuwa nalo.

KijanaWaMkunazini
Nimefuata maneno ya mwalimu chini ya taa. Riale nuru inazunguka, sijaona mikwaruzo sambamba, haina tundu wala alama ya kikonyo. Rupia ya upinde wa mvua, nywele za Victoria bado zina mistari yote. Hizo rupia nyingine zimelika.

Mswahili_Muscat
Basi zako za kusafiri ni mbili. Riale iende kwa mnada unaojua sarafu za Kiislamu na za Bahari ya Hindi. Stephen Album kule California au Morton & Eden London wanafahamika kwa hilo. Usiitie kwenye mnada wa Morgan, itapita usiku hakuna anayeijua. Waandikie kwanza na picha, pande zote mbili na ukingo, moja ikiwa imeinamishwa chini ya taa ili rangi ionekane. Wao ndio wakuambie kama daraja linahitajika.

Rupia ndiyo inayonitekenya. Rupia za Victoria zina wanunuzi wengi India na Uingereza, wengi kuliko riale, na zilizobaki mpya ni chache kwa sababu zilitumika kweli kweli. Hapo rangi inaweza kulipa kwa namna wanavyolipa Wamarekani, hata kama ni upande mmoja. Hiyo ningeigharamia daraja. Iwapo ni ya mwaka wa kawaida na ikarudi na daraja la chini, umepoteza ada, hukupoteza sarafu.

Kuzihifadhi: karatasi isiyo na asidi, au vibweta vigumu vya plastiki. Zile bahasha laini za PVC hutoa utando wa kijani unaonata, usizitumie. Na unyevu wetu huu wa bahari, tia vifuko vya kunyonya maji.

YakheMalindi
Na usimwonyeshe kila mtu Darajani.

KijanaWaMkunazini
Shangazi amesoma yote. Amekubali, kwa sharti moja: Maria Theresa nyeusi moja ni yake, anataka kuing'arisha aitie kwenye kidani.

SonaraMstaafu
Mpe. Chagua ile iliyolika zaidi usoni, na uhesabu kwanza lulu za bruchi begani, na uangalie herufi S.F. chini ya sanamu, ujue ni ya toleo gani, kabla sijaitia kikonyo. Aniletee mwenyewe, nitamfanyia bila malipo, ila asije na ukwaju.