Re: Harz na watoto wakati wa theluji, nani ashaenda?

Mama Pacha, Hannover:

Assalaam aleikum watu wa pwani. Nina swali na tafadhali mtu asinijibu "kaa ndani", kwa sababu nimekaa ndani tangu Novemba na hawa watoto kwa kuruka ruka kwao majirani wa chini washanigongea mlango mara mbili. Tulifika mwezi wa nane kutoka Kisauni, pacha wangu wana miaka mitano, theluji wameiona siku mbili tu hapa mjini ikageuka matope. Wenzao wa chekechea kila Jumatatu wasema tulikuwa Harz, tulikuwa Harz. Mimi hiyo milima ya Harz, hapa kaskazini mwa Ujerumani, naiona kwenye ramani tu, gari hatuna, sijui watu wavaa nini huko, na je mtu na buibui lake aweza kwenda? Mume wangu asema mlima ni mlima, kuna nini cha kuona.

Ami, Kibokoni:

Waaleikum salaam mwanangu. Mimi nishakuwa Mombasa huu mwaka wa tatu, lakini nimekaa Braunschweig miaka kumi na minne na ile milima naijua kama vichochoro vya Mji wa Kale, kwa hivyo niruhusu niandike kirefu kidogo.

Kwanza safari. Pandeni treni ya kawaida ya mkoa mpaka Bad Harzburg, ni kama saa moja na nusu, watoto chini ya miaka sita hawalipi, halafu pale stesheni mwachukua basi la kupanda Torfhaus, iko kama mita 800 juu na mara nyingi theluji huikuta pale hata kama chini ni mvua tupu. Kuna mteremko wa watoto kuserereka na vibao vya mbao. Wewe umezaliwa Kisauni washajua kuserereka na karara la mnazi kwenye mchanga, ni mambo yale yale. Lakini tokeni asubuhi. Disemba jua latua saa kumi na dakika chache, adhuhuri na alasiri zafuatana hujui hata zimepita saa ngapi, na baridi yabadilika ghafla jua likishazama. Sisi mara ya kwanza tulikosa basi la jioni, binti yangu alikuwa na suruali ya jinzi imerowa mpaka magotini, tukasimama giza kituoni dakika arubaini na mtoto hatetemeki tena, amenyamaza tu, na wallahi kule kunyamaza kulinitisha kuliko kulia. Tangu siku hiyo najua kinachomwangusha mtu si baridi, ni kurowa. Jinzi hapana. Fulana ya pamba mwilini hapana, yashika jasho yakaa nalo. Mvishe sufu ndani, juu sweta, juu kabisa kitu kisichopitisha maji, na soksi moja nene, usimtie mbili kiatu kikabana maana mguu uliobanwa ndo wapoa haraka. Glavu chukua pea mbili kwa kila mtoto, ya kwanza itarowa tu. Na usinunue vipya, watoto wa huko waacha nguo zingali nzima, mitumba yao ni mizuri mno.

Sasa mumeo. Mwambie kuna cha kuona, na kingine chatuhusu sisi watu wa Kilindini.

Marehemu babangu aliendesha kreni bandarini. Kazi yake yote ilining'inia kwenye kamba ya chuma, na hakuna aliyewahi kutuambia kamba ile imetoka wapi. Imetoka Clausthal, hapo hapo Harz. Watu walikuwa wakichimba madini ya fedha na risasi chini ya ardhi karne na karne, mawe wavuta juu kwa kamba za katani zikioza, au minyororo, na mnyororo pete moja tu ikikatika mzigo wote washuka juu ya vichwa vya watu. Mwaka 1834 afisa mmoja wa migodi, Wilhelm Albert, akasokota nyaya za chuma pamoja, ili waya mmoja ukikatika mingine ibaki imeshika. Basi. Leo hakuna kreni wala lifti ya nyaya isiyotokana na wazo lile. Nilipoielewa hii nilikuwa nimesimama ndani ya makumbusho ya migodi kule Zellerfeld, nikamkumbuka mzee nikatoka nje nikalia kwenye theluji.

Halafu Goslar, huo ndo mji wa kuanzia siku ambayo hali ya hewa ni mbaya. Mgodi wa Rammelsberg umetajwa kwenye maandishi tangu mwaka 968 na ukafungwa 1988, yaani zaidi ya miaka elfu moja kazini, na kutoka 1992 uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kama vile Fort Jesus yetu. Mwaingia ndani ya mwamba wenyewe, mwakuta magurudumu makubwa ya mbao yaliyozungushwa na maji, chini kwa chini, kutoa maji mengine mgodini. Na huko juu milimani yale maziwa madogo madogo mtakayoyaona yameganda mengi yamechimbwa na watu, na mifereji yake, kwa ajili ya kuendesha hayo magurudumu. Watoto wangu waliyapenda kuliko theluji.

Brocken, kilele kirefu kuliko vyote vya Harz, mita 1,141, ngojeni watoto wakue kidogo au pandeni treni ya moshi kutoka Wernigerode. Si rahisi kwa bei, nakwambia mapema, lakini injini ni za makaa kweli, nyingi za miaka ya 1950, na reli yake ina upana wa mita moja, upana ule ule wa reli ya zamani iliyoanzia kwetu Mombasa 1896. Upepo ukizidi haifiki juu, kwa hivyo ulizeni asubuhi kabla ya kutoka. Mwaka 1984 upepo ulipimwa pale juu kilomita 263 kwa saa! Na zaidi ya siku 300 kwa mwaka kuna ukungu, msiende mkitarajia kuona mbali.

Mimi hupenda kuwaambia watu hivi pia: mlima ule ulikuwa upande wa Ujerumani Mashariki, na tangu 1961 mtu wa kawaida haruhusiwi kukanyaga kileleni, wamejenga ukuta, askari wa Kisovieti wako ndani wanasikiliza mawasiliano ya upande wa pili. Watu wa Torfhaus, upande wa Magharibi, wauona mlima kila siku na hawaendi. Tarehe 3 Disemba 1989 watu wakapanda kwa miguu wakadai lango lifunguliwe, likafunguliwa.

Dada wa Göttingen:

Ami umesema yote ila la buibui. Mama Pacha, pindo la buibui lazoa theluji, yayeyuka, yaganda, ukifika jioni wavuta barafu miguuni. Mimi huvaa suruali pana ya theluji na koti refu la kufika magotini, mtandio wa sufu, najistiri vizuri na natembea. Hakuna atakayekutazama, wote wamefungwa kama mizigo. Chupa ya chai ya tangawizi na mahamri usisahau, chakula cha huko juu kingi ni soseji ya nguruwe.

Na mimi kama muuguzi lazima niongeze, Clausthal ndo alikozaliwa Robert Koch, 1843, yule aliyetangaza kijidudu cha kifua kikuu 1882. Shule nilisoma hayo tu. Nimekuja kujua ukubwani kwamba 1906 alikwenda visiwa vya Sese kwenye Ziwa Victoria kwa sababu ya malale, akawadunga wagonjwa atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki, na baadhi yao wakapofuka. Nikipita Clausthal na wanangu nawaambia yote mawili. Naona ni haki yao.

Baba Salma, Kassel:

Kwa wenye gari tu: barabara ikiwa na theluji au barafu lazima uwe na matairi ya baridi yenye alama ya mlima na kitone cha theluji, la sivyo ni faini ya euro 60 na pointi moja ya makosa ya dereva. Na msishangae kuona misitu imekufa, si moto. Tangu 2018 ukame na wadudu wa maganda wamemaliza ile misonobari, kwa sababu wakati wa migodi walipanda aina moja tu kila mahali.

Mama Pacha, Hannover:

Jamani Mungu awalipe. Mume wangu nimemsomea ile ya kreni akanyamaza kisha akaniambia babake naye alikuwa kuli Kilindini, nisome tena. Tunakwenda Jumamosi inshallah, Torfhaus kwanza, Goslar wiki ijayo. Kibao cha kuserereka ninunue hapa au?

Ami, Kibokoni:

Usinunue, kodi pale pale juu, kwenye treni kitakusumbua. Wakishapenda ndo ununue. Na basi la kurudi, piga picha ratiba ya kituoni ukishuka tu, kabla hujafungua hata chupa ya chai.