Naomba ushauri: nichukue multimedia kama somo la pembeni?

Jambo wakubwa na wadogo. Niko hapa Bukavu, mwaka wa pili wa lisansi (shahada ya kwanza) katika mawasiliano. Tunaruhusiwa kuchagua somo la pembeni, na mimi natamani multimedia ya kompyuta: picha, sauti, video, animesheni, pamoja na kuandika programu kidogo.

Kinachonitisha ni mashine. Laptopu yangu ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na Blender ya siku hizi, programu ya animesheni za 3D, inadai angalau 8. Audacity (ya sauti) na GIMP (ya picha) nimezijaribu, zinaenda vizuri, tena ni za bure. Kdenlive, ya kuhariri video, ilikuwa inakwama kila nikiweka video ya simu, mpaka nikawasha proksi, yaani nakala nyepesi za kukatia. Hapo ikapumua. Ila umeme ukikatika wakati kompyuta inatengeneza video ya mwisho, na betri yangu imeshakufa, unaanza upya!

Na hesabu, jamani, nilizikimbia tangu sekondari.

Kwa waliosoma: vekta (namba za mwelekeo na ukubwa) na matrisi (majedwali ya namba) zinahitajika kiasi gani kwenye animesheni? Na kwa pesa kidogo niliyo nayo, nianze na RAM au betri?

Asanteni sana.