Nilizaliwa njiti, sasa presha inapanda: naomba ushauri

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 32, niko Lamu, mtaa wa Langoni. Nilizaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Nyanya alinizungushia pamba mwili mzima, watu wakisema huyu hafiki arobaini. Nikafika, alhamdulillahi.

Sasa kila nikipimwa presha inasoma 148 kwa 94 au hapo hapo, na mwili wangu ni mdogo tu, sigara siijui. Nikitembea hadi Shela pumzi hunikata njiani. Daktari alisema nipunguze chumvi, basi. Nilivyozaliwa hakuuliza. Nimesoma kwamba waliozaliwa kabla ya wiki 37 wana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha ukubwani. Figo humaliza kuumba vichujio vyake karibu wiki ya 36 ya mimba, kwa hiyo anayewahi kuzaliwa huenda akaishi na vichache.

Kuna njiti mwenzangu aliyefuatilia haya? Niombe vipimo gani: damu na mkojo kwa ajili ya figo, au pia kile cha kupuliza cha mapafu? Vyote hufanyika hapa, au nijipange kwenda Mombasa? Na mume wangu anataka tutafute mtoto. Kwa presha hii tungoje kwanza?