Mliofiwa na mama, tupeane uzoefu: kitu gani alikufundisha mpaka leo hukiachi?

Habari zenu wakuu. Jumapili tulikuwa na hitma ya mama, mwaka wa nne huu tangu aondoke, watu wamekula pilau wameondoka mi nikabaki jikoni naangalia kile kichuma chake cha vitumbua, nikasema ngoja niwaulize na wenzangu.

Mama alikuwa anauza vitumbua hapa hapa Tanga, Ngamiani. Mchele unalowekwa mchana, unasagwa, unachanganywa na tui, hamira na iliki, unaachwa uumuke, saa kumi alfajiri jiko la mkaa linawaka. Sasa wanaovijua vitumbua wanajua vile vya mwanzo havitoki, chuma hakijakolea mafuta, vinanata, ukichokonoa na kijiti vinatoka vipande vipande. Hivyo ndo vilikuwa chai yake miaka yote, sisi tunapewa vizima. Mimi nimekua najua mama anapenda vilivyovunjika yani kabisa, mpaka nimeanza kazi nikija na chapati nachagua zilizokatika namwambia "mama hizi zako", na yeye anapokea anacheka. Leo nikikumbuka hiyo nasikia aibu.

Siku ya kuzika baba mdogo alitangaza pale makaburini kama kuna anayemdai marehemu ajitokeze kwa familia, kimya. Siku ya tatu dada akafungua kauntabuku lake la biashara. Kumejaa wanaodaiwa, mama fulani vitumbua 10, fundi baiskeli 6, ila wengine kawakata mstari na pembeni kaandika neno moja tu, "msiba", au "anaumwa". Hajawahi kutuambia! Af ukurasa wa mwisho ndo anaodaiwa yeye, kwa herufi kubwa: nazi 12, mkaa nusu gunia. Tulipompelekea muuza nazi hela yake alishangaa, hata hakumbuki kama anadai.

Basi tangu hapo na mimi nina daftari, ukurasa wa mwisho ni wa ninaodaiwa. Karibuni.

#2
Pole sana mkuu. Bi mkubwa wangu (Kigoma) kwake ilikuwa usiende kwa mtu mikono mitupu, hata ndimu mbili beba. Nilivyofika Dar nilikuwa naona ushamba. Sasa hivi wife ananicheka, tukienda hata kuangalia mpira kwa jirani lazima nipite gengeni kwanza.

#3
Mi nilisoma sekondari ya kutwa, kipindi kile kabla ya 2016 ada ilikuwa 20,000 kwa mwaka, ila michango ndo ilikuwa inaua, mara dawati mara mlinzi mara mtihani wa kujipima. Wenzangu wakidaiwa wazazi wao wanakuja kuongea na mwalimu, au mtoto anajificha chooni siku ya kufukuzwa. Mama yangu ananiambia nenda kamwambie mwenyewe tutalipa tarehe fulani, kiasi fulani, na umwangalie usoni. Form one huyo! Natetemeka hatari. Na tarehe ikifika hata kama ni nusu naipeleka. Saivi nina duka la spea za bodaboda, wenye mzigo wao nikikwama nawapigia mimi kabla hawajanipigia, ndo maana wananiamini mpaka leo, sio kwamba nina hela sana.

#4
Poleni wote. Naomba niwe tofauti kidogo msinishambulie. Mama yangu nampenda na namuombea kila siku ila sio kila alichonifundisha kilikuwa kizuri. Alinifundisha kuvumilia. Nilipigwa kwenye ndoa miaka 9, kila nikirudi nyumbani ananisikiliza, ananipikia, kesho yake ananisindikiza stendi mwenyewe na begi langu kabeba kichwani. Nilikuja kumchukia kwa hilo begi. Alipolazwa mara ya mwisho usiku mmoja nikiwa namgeuza ubavu akanishika mkono akasema "mwanangu mimi sikuwa na pa kwenda, wewe unapo, hapa nyumbani ni kwako". Sikumjibu kitu nilikuwa nalia. Niliondoka kwa yule mwanaume baada ya arobaini na sikurudi. Kwahiyo nikiulizwa mama kanifundisha nini nashindwa nihesabu lipi, la kwanza au la mwisho.

#5
Dada #4 umeniliza huku ofisini.

Mamangu alikuwa akipika mahamri na mbaazi, sie ni wa Mombasa. Neno lake lilikuwa moja, mja haambiwi "hakuna" kabla hujatazama sufuriani. Ukikwangua hukosi kijiko kimoja cha kumpa. Nimeishi Muscat miaka kadhaa, chumba kimoja tuko wanne, na mimi ndiye nilikuwa nikikwangua sufuria, wenzangu wakaniita mama.

#6
Nimesoma zote. Wangu hana hata mwezi, nguo zake bado ziko kwenye kamba maana hakuna anayetaka kuzianua. Nitarudi kuandika siku nyingine.

#1
#6 pole sana ndugu yangu, ziache tu hizo nguo hakuna haraka. Sisi kanga zake tuligawana baada ya miezi nane na bado tuligombana.

Dada #4 asante kwa kusema, mimi hata ningekuwa wewe nisingejua nihesabu lipi.

Aliyeniuliza PM kuhusu kichuma, kiko kwangu. Juzi nimejaribu, unga nimefuata vile nilivyokuwa namuona anafanya, vya kwanza vyote vimeharibika kama kawaida. Nikavila mwenyewe nimesimama hapo hapo jikoni. Sasa wakuu niwaambie ukweli, vile vipande pembeni vimekaukia kwenye mafuta vina kaukoko fulani hivi, ni vitamu kuliko vizima. Nimechanganyikiwa, inawezekana mama alikuwa anavipenda kweli.